Muhula Ujao: Kwa Nini Hadithi za Shule za Wasichana Hazichakai

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari, katika bweni la masista, tulikuwa na kitabu kimoja tu ambacho hakikuwa cha masomo wala cha sala. Kiliitwa Deux jumelles en pension, nacho ni tafsiri ya Kifaransa ya The Twins at St. Clare's, kitabu cha Mwingereza Enid Blyton kilichotoka mwaka 1941. Jalada lilikuwa limebanduka, na kurasa za mwisho zilikuwa zimepotea kabla hakijafika mikononi mwetu. Kilitembea kitanda kwa kitanda. Kila aliyefika pale kilipokatikia alikuwa na wajibu mmoja: kutunga mwisho wake na kutusimulia usiku, taa zikiwa zimezimwa. Nilisikia miisho mingi. Mara mapacha wanafukuzwa shule, mara wanarithi nyumba kubwa, mara pacha mmoja anakuwa mtawa. Mwisho wenyewe nilikuja kuusoma baada ya kuingia chuo kikuu, nami nitauelezea mahali pake.

Nilipoeleza kwamba ningependa kuandika tasnifu ya lisansi juu ya hadithi za namna hiyo, mwenzangu mmoja wa darasa alicheka. "Dada," alisema, "hizo ni hadithi za watoto wa Wazungu, za karamu za usiku na mchezo wa hoki. Sisi zinatuhusu nini?" Swali lake ni la haki. Makala hii ni jibu langu, na ninawaletea wanafunzi wenzangu na walimu wetu walipime.

Wengi hudhani kwamba kinachomvuta msomaji katika hadithi hizi ni mapambo yake: sare, kengele, mabweni safi, mashindano ya michezo. Mimi ninaona kwamba mapambo hayo ni ganda tu. Kiini chake ni ahadi moja ambayo hadithi inampa msichana: kwamba likizo ikiisha, atarudi. Kuna muhula ujao.

1. Alama za aina hii

Tuanze na umbo, kama tulivyofundishwa. Hadithi ya shule ya wasichana ina alama zinazojirudia kiasi kwamba msomaji aliyezoea anaweza kuzihesabu kwa vidole. Msichana mgeni anafika, mara nyingi kwa gari moshi. Anakuta sheria asizozijua na kundi lililokwisha kuundwa. Kuna mwenye kiburi, kuna mchekeshaji, kuna mnyonge anayeficha siri, kuna kiranja ambaye neno lake ni zito. Kosa linatendeka. Kosa linajulikana. Wenzake wanamhukumu mkosaji, pengine kwa kumnyima maneno siku kadhaa. Mkosaji anapata nafasi ya kusahihisha alichoharibu. Muhula unaisha.

Angalieni mambo mawili katika mpango huo. La kwanza ni nafasi ya watu wazima. Wazazi wako mbali, na mkuu wa shule ni kama jaji wa rufaa: anaogopwa, lakini haonekani kila siku. Kesi nyingi zinakatwa na wasichana wenyewe. La pili ni ukuta. Mtu aliyegombana na jirani anaweza kumkwepa, hata kuhama. Aliyegombana na mwenzake wa bweni atamkuta alfajiri kwenye foleni ya maji, kisha mezani, kisha darasani. Ukuta unamlazimisha mtungaji kufikisha ugomvi kwenye upatanisho, maana wahusika wake hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo ukuta na kengele ni mashine inayoendesha hadithi.

Jambo la tatu ni wakati. Riwaya nyingi hupima wakati kwa miaka, misimu au vizazi. Hizi hupima kwa mihula. Muhula una mwanzo, katikati na mwisho, na ukiisha unaitia njiani hadithi nyingine. Ndiyo sababu hadithi hizi hupenda kuja kwa mfululizo wa vitabu kuliko kwa kitabu kimoja.

2. Zilikotoka

Asili yake ni Uingereza. Mwaka 1749 Sarah Fielding alitoa The Governess, kitabu juu ya shule ndogo ya wasichana tisa chini ya Bibi Teachum. Kinaanza na vita: wasichana wanapigana kwa sababu ya tunda la tofaa lililo kubwa kuliko mengine, wakararuana nguo. Mkubwa wao, Jenny Peace, ndiye anayewarudisha kwenye amani. Mbegu yote imo humo tayari: kundi lililofungiwa pamoja, kosa, na msichana anayewaongoza wenzake kupatana.

Hata hivyo mbegu hiyo ilikaa muda mrefu bila kuwa shamba. Kwa upande wa wavulana, Thomas Hughes alitoa Tom Brown's School Days mwaka 1857, juu ya shule ya Rugby, na hadithi za shule za wavulana zikashika njia. Wasichana walichelewa, kwa sababu iliyo wazi: wengi wao hawakuwa na shule ya kuandikia. Binti wa nyumba yenye uwezo alifundishwa nyumbani, muziki kidogo, kushona, na Kifaransa cha mazungumzo. Mambo yalianza kubadilika pale Frances Mary Buss alipofungua North London Collegiate School mwaka 1850, Cheltenham Ladies' College ilipoanzishwa mwaka 1853, na kampuni ya kufungua shule za kutwa za wasichana ilipoundwa mwaka 1872. Kizazi kimoja baadaye hadithi zikafuata. L. T. Meade alitoa A World of Girls mwaka 1886. Angela Brazil alianza mwaka 1906 na The Fortunes of Philippa, kisha akaandika hadithi za namna hiyo karibu 50. Yeye ndiye aliyeifanya sauti ya wanafunzi, pamoja na misemo yao ya mtaani, itawale ukurasa. Walimu fulani walichukia jambo hilo, na wasichana wakanunua vitabu vyake.

Tarehe hizi zina maana kwa hoja yangu. Hadithi za shule za wasichana zilistawi wakati shule yenyewe ilikuwa haki mpya, ambayo ingeweza kunyang'anywa. Chuo kikuu cha Oxford kilianza kuwapa wanawake digrii mwaka 1920. Cambridge kiliwapa digrii kamili mwaka 1948, miaka miwili baada ya Blyton kutoa kitabu cha kwanza cha Malory Towers. Msomaji wa Kiingereza wa nyakati hizo hakuwa na hakika kwamba masomo ya binti yataendelea. Kitabu ndicho kilichompa hakika hiyo.

3. Darrell na Gwendoline

Tuchukue mfano mmoja na kuutazama kwa karibu. Malory Towers ni vitabu sita, kuanzia First Term at Malory Towers cha mwaka 1946 hadi Last Term at Malory Towers cha mwaka 1951. Shule iko Cornwall, juu ya bahari, na ina minara minne. Mhusika mkuu ni Darrell Rivers, msichana mwenye moyo mwema na hasira za ghafla. Katika muhula wake wa kwanza anampiga makofi Gwendoline, msichana aliyedekezwa, kwa kuwa amemzamisha mwenzao majini. Baadaye anamsukuma Sally, naye Sally anaanguka. Usiku ule Sally anaugua sana. Darrell anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuumiza, na hofu hiyo inamla mpaka inapojulikana kwamba ugonjwa ni wa kidole tumbo. Daktari anayekuja kumpasua Sally ni baba yake Darrell mwenyewe.

Mwandishi mwingine angemaliza hapo: hasira ni mbaya, msichana amefundishwa. Blyton hamalizi hapo. Katika vitabu vinavyofuata hasira ya Darrell inarudi. Anaanguka, anaomba msamaha, anasimama tena. Kila muhula ni jaribio jipya la tabia ileile. Mwishoni anaiacha shule akielekea chuo kikuu cha St Andrews pamoja na Sally yuleyule aliyemsukuma.

Sasa mtazameni Gwendoline. Naye amepewa mihula ileile, na kila mara anaipoteza. Katika kitabu cha mwisho amejiandaa kwenda shule ya kifahari Uswisi, na anamdharau baba yake anayeona gharama ni kubwa. Ghafla baba anaugua vikali. Gwendoline analazimika kufunga mizigo na kuondoka, na safari ya Uswisi inakufa. Blyton hakumchapa fimbo wala kumfukuza. Adhabu kubwa kuliko zote katika ulimwengu wa hadithi hizi ni hii: kuondoka kabla ya wakati, bila muhula mwingine wa kujirekebisha.

4. Shule inayokimbia vita

Mfano wa pili utawagusa zaidi wanaosoma lugha. Elinor Brent-Dyer alianza mwaka 1925 na The School at the Chalet, juu ya shule ndogo ya Kiingereza katika milima ya Tyrol, Austria. Mfululizo huo ulifikia karibu vitabu 60, na cha mwisho kilitoka mwaka 1970, baada ya kifo chake. Wanafunzi wanatoka nchi nyingi, na shule ina desturi maarufu: siku zimegawanywa kwa lugha. Kuna siku za Kiingereza, za Kifaransa na za Kijerumani, na kila mmoja analazimika kusema lugha ya siku hiyo, hata mezani. Mwingereza anayejivuna leo, kesho anatafuta neno la kuomba chumvi. Kila mmoja anapata zamu yake ya kuwa mjinga.

Niliposoma hayo nilikumbuka kibao. Katika shule niliyosoma, aliyeteleza akasema Kiswahili uwanjani alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwingine akiteleza. Zile pia zilikuwa sheria za lugha, lakini zamu ya kuwa mjinga ilikuwa ya upande mmoja tu. Hakukuwa na siku ya Kiswahili. Sisemi kwamba Brent-Dyer alituwaza sisi, hakutuwaza. Ninasema kwamba kitabu cha kubuni kilinionyesha kwamba sheria ya lugha shuleni inaweza kupangwa kwa namna nyingine, na hilo ni kazi halisi ya fasihi.

Halafu yakaja mambo ya dunia. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria. Brent-Dyer angeweza kunyamaza, kwa kuwa aliwaandikia wasichana wadogo. Hakunyamaza. Katika The Chalet School in Exile, cha mwaka 1940, wanafunzi wanaweka sahihi zao katika mapatano ya amani, wakiahidi kubaki marafiki hata nchi zao zikipigana. Umati unamshambulia mzee Myahudi, na wasichana wa shule wanaingia kati kumtetea. Baada ya hapo inawapasa kutoroka kwa miguu milimani. Shule inafunguliwa upya katika kisiwa cha Guernsey, inahama tena kwa ajili ya vita kwenda Uingereza, na miaka baadaye inafika Uswisi.

Nani katika nchi yetu anahitaji kuelezwa maana ya shule inayokimbia? Watoto wa mashariki ya Kongo wamesoma chini ya miti, katika makanisa, katika mahema ya wakimbizi. Brent-Dyer alielewa kwamba shule ni watu wanaoendelea kuhesabiana majina asubuhi, na jengo linaweza kuachwa nyuma. Wakikutana tena na kengele ikalia, muhula umeanza.

5. Ukuta usiolinda

Makala hii ingekuwa ya uongo kama ingeishia hapo. Ahadi niliyoitaja huvunjwa, na waandishi wa Afrika wamelionyesha jambo hilo kwa kutumia umbo lilelile.

Scholastique Mukasonga wa Rwanda alitoa Notre-Dame du Nil mwaka 2012, akapata tuzo ya Renaudot. Kwa kurasa nyingi msomaji anajiona nyumbani: lise ya wasichana juu ya mlima karibu na chanzo cha Nili, masista, bweni, chakula cha siri kinacholetwa kutoka nyumbani na kugawanywa usiku, msichana mwenye kiburi anayetawala wenzake. Lakini tuko mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wasichana wa Kitutsi, kama Virginia na Veronica, wamepokelewa kwa hesabu maalum, wachache kati ya wengi. Gloriosa, yule mwenye kiburi, ni binti wa mkubwa wa serikali, na mchezo wake wa utundu ni kupanda mlimani kuibomoa pua ya sanamu ya Bikira Maria, ili iwekwe pua ya "watu walio wengi". Uongo anaoutunga kuficha utundu huo unafungua mlango wa umwagaji damu. Ukuta uliopaswa kuwalinda unakuwa mtego, na mwaka wa shule hauishii kwenye likizo. Mukasonga mwenyewe alilazimika kuacha masomo na kukimbilia Burundi mwaka 1973.

Kitabu hiki kinatisha kwa sababu kinategemea tunachokijua juu ya hadithi za shule. Tunasubiri kosa lijulikane, mkosaji atubu, wasichana wapatane, muhula uishe. Tunasubiri mpaka ukurasa wa mwisho. Msomaji asiyelijua umbo la zamani hawezi kupima kilichovunjwa.

Katika Kiswahili tuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Rosa wa Ukerewe analelewa na baba mkali anayemchunga kwa fimbo, kisha anapelekwa shule ya bweni bila mtu wa kumsindikiza katika uhuru wake mpya. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, lakini swali lake limebaki. Kezilahabi haandiki hadithi ya shule kwa maana niliyoieleza. Kwake bweni halina kundi la wasichana linaloweza kumhukumu mwenzao na kumsamehe. Rosa yuko peke yake hata akiwa katikati ya wenzake. Nikivisoma vitabu hivi viwili pamoja na Blyton, ninaona vizuri zaidi kile ambacho Blyton anakitoa na kile anachokificha.

6. Jibu kwa mwenzangu

Sasa nirudi kwenye swali: sisi zinatuhusu nini? Ni kweli kwamba vitabu vya Blyton na wenzake viliandikwa kwa ajili ya tabaka lenye uwezo. Ni kweli kwamba mgeni humo mara nyingi ni wa kuchekwa, na kwamba msichana mweusi hayumo. Mwanafunzi wa fasihi asiyeyaona hayo amesoma vibaya. Lakini mtafiti Rosemary Auchmuty, katika kitabu chake juu ya hadithi hizi cha mwaka 1992, alionyesha jambo jingine: zilikuwa mahali pachache ambapo msomaji wa kike alikuta dunia inayoendeshwa na wanawake, na wasichana wanaopimwa kwa matendo yao. Humo hakuna anayemuuliza msichana ataolewa na nani. Anaulizwa: ulifanya nini, na utakitengenezaje?

Kwetu, mlango wa elimu ya juu kwa msichana ulichelewa kufunguka kuliko hata kwa Waingereza. Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza wa kike kupata shahada ya chuo kikuu, alihitimu Lovanium mwaka 1964. Wapo kati yetu wenye bibi waliozaliwa kabla ya hapo. Haki hii bado ni changa.

Katika bweni letu kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa fundi wa miisho kuliko sisi sote. Ni yeye aliyewarithisha mapacha nyumba kubwa, na ni yeye aliyetuchekesha mpaka sista akaja na tochi. Likizo ya Pasaka aliondoka na valizi yake kama sisi wote. Tuliporudi, kitanda chake kilikuwa kitupu. Tulisikia kwamba mahari yalikuwa yamekwisha kupokelewa. Godoro lake lilikaa limekunjwa mpaka mwisho wa mwaka, na hakuna aliyetaka kulihamia, ingawa lilikuwa karibu na dirisha.

Ndiyo sababu niliutafuta mwisho wa kitabu kile nilipofika chuoni. Niliupata, na kwanza nilivunjika moyo, maana hakuna jambo kubwa linalotokea. Mapacha, waliofika kwa kiburi wakiitaka shule nyingine, sasa hawaitaki tena nyingine. Muhula unaisha, watu wanaagana. Na vitabu vingine vitano vinafuata. Basi ndivyo tu: wanakwenda nyumbani, kisha wanarudi. Katika miisho yote tuliyotunga gizani, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutunga huo.

Hitimisho

Hadithi za shule za wasichana zinadumu kwa sababu zimejengwa juu ya kurudi. Umbo lake la mihula linampa mkosaji nafasi ya pili, na linampa msichana wakati wa kukua mbele ya wenzake. Mahali ambapo kurudi kuna hakika, hadithi hizi ni burudani. Mahali ambapo hakuna hakika, ni kitu kizito kuliko burudani, na zinastahili meza katika kitivo chetu karibu na riwaya tunazoziita kubwa.

Kwa wanaotaka kuendelea, ninaacha maswali matatu ya kujadili darasani:

1. Linganisheni mwanzo wa Notre-Dame du Nil na mwanzo wa hadithi yoyote ya shule mliyoisoma. Ni alama zipi Mukasonga amezihifadhi, na anaanza kuzigeuza wapi?

2. Sheria za lugha katika shule za kubuni zinatusaidiaje kuzichambua sheria za lugha katika shule zetu wenyewe?

3. Kama hadithi ya bweni la wasichana wa Kongo ingeandikwa kwa Kiswahili leo, mwandishi angeweza kuahidi muhula ujao bila kumdanganya msomaji? Jaribuni kuandika sura yake ya mwisho.

Hilo la tatu nimelianza mwenyewe. Katika sura yangu, likizo ya Pasaka imekwisha, na valizi zote zimerudi.